Kesi ya Ruto: Andika Kilichotokea Tu

Hapa Burnt Forest nyumba zilichomwa 1992, zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa 2007. Kwa hivyo neno moja kwenye ukurasa wa Wikipedia wa William Ruto si mchezo. Majirani wa pande zote wana simu.

Mmoja anaandika "alisafishwa", mwingine "ana hatia". Wote wamekosea. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wa ICC, wawili kwa mmoja, walisimamisha kesi. Hawakumtia hatiani wala kumtangaza hana hatia, na mlango wa mashtaka mapya waliuacha wazi.

Kanuni ya Wikipedia kuhusu watu walio hai ni moja: dai zito bila chanzo cha kuaminika linafutwa papo hapo. Wasee, kabla ya kubonyeza "hariri", someni kwanza uamuzi wenyewe. Uko kwenye tovuti ya mahakama, bure.