Mlango wa Mahakama ya Arusha

Kabla ya kuuliza nani kaonewa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huuliza: tuna mamlaka juu ya shauri hili? Na je, limetimiza masharti ya kupokelewa?

Swali la kwanza liliangusha kesi yake ya kwanza kabisa. Desemba 2009 ilikataa shauri la Michelot Yogogombaye dhidi ya Senegal, kwa kuwa nchi hiyo haikuwa imetoa tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki.

La pili lilimkabili Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai haki ya mgombea binafsi. Serikali ya Tanzania ilisema hajamaliza njia za ndani, tena kachelewa. Lakini alikwishafika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2010 ililiachia Bunge hoja hiyo, na kungojea Bunge si njia ya kimahakama. Juni 2013 alishinda, na alistahili.

Tanzania, iliyokuwa imetoa tamko kama hilo, ililiondoa Novemba 2019. Ni pigo kubwa, tena kutoka kwa nchi mwenyeji.

Sasa mtu binafsi mwenye dai dhidi ya Tanzania aanzie mahakama za nyumbani hadi rufani ya mwisho, atunze nakala za hukumu, kisha apeleke malalamiko yake Tume ya Afrika, Banjul.