Je, Wajua? Hoteli Haijulikani kwa Taulo

Je, wajua kwamba kile kikadi cha bafuni kinachokuomba utundike taulo ulitumie tena kimefanyiwa utafiti wa kisayansi? Mwaka 2008 Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha matokeo ya majaribio yao katika hoteli moja ya Marekani. Vikadi viliandikwa maneno tofauti. Kile cha kawaida, kinachomwomba mgeni asaidie kulinda mazingira, kiliitikiwa na wageni wapatao 37 katika kila 100. Kingine kilimweleza mgeni kwamba wengi waliolala katika chumba hiki hiki walitumia taulo zao tena, na hicho kikaitikiwa na 49. Hakuna aliyefundishwa jambo jipya kuhusu mito wala bahari. Aliambiwa tu kwamba aliyelala kitanda kile kabla yake alitundika taulo, na hapo akaona haya kuwa tofauti na mtu asiyemjua na ambaye keshaondoka zamani.

Kikadi cha namna hiyo ndicho kilichomkera Mmarekani mmoja, Jay Westerveld. Akiwa Fiji miaka ya 1980, alikuta hoteli moja ya ufukweni ikiwasihi wageni wasifuliwe taulo kila siku, kwa ajili ya kuokoa bahari na matumbawe. Wakati huohuo hoteli ilikuwa inaongeza majengo kwenye kisiwa hichohicho. Aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1986, na tangu hapo wasemaji wa Kiingereza wana neno lao la kumtaja mfanyabiashara anayejipaka rangi ya kijani ili aonekane rafiki wa mazingira. Ukweli ni kwamba taulo lisilofuliwa huokoa maji, umeme na sabuni. Huiokolea hoteli fedha pia, na hilo halina ubaya. Ubaya huja pale taulo linapokuwa ndilo pekee.

Sasa tuje nyumbani. Je, wajua chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano Zanzibar kinaweza kutumia maji kiasi gani kwa siku? Ripoti ya mwaka 2012 ya Tourism Concern, shirika la Uingereza, iliangalia vijiji vitatu vya Unguja: Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba cha nyumba ya wageni ya kawaida kilitumia lita 686. Chumba cha nyota tano, lita 3,195. Ukihesabu kwa madumu ya lita 20 ambayo kila mtu wa pwani anayajua, familia nzima inamaliza siku kwa madumu yasiyofika matano, na chumba kimoja kinakwenda karibu madumu 160.

Mgeni hawezi kunywa kiasi hicho, hata kuoga akioga mara nne. Maji mengi yanaishia kwenye bwawa la kuogelea, kwenye dobi, na zaidi kwenye bustani. Ukanda huo wa mashariki na kaskazini ni mawe ya matumbawe na mchanga. Nyasi laini kama zulia hazioti hapo zenyewe. Lazima zimwagiliwe, jua likiwaka au lisiwake. Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama hoteli ya pwani ina urafiki wowote na mazingira, siangalii kikadi. Naangalia nyasi. Zikiwa za kijani kibichi mwezi wa Februari, kabla ya masika, nauliza maji yanatoka wapi.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya namna kisiwa kilivyo chini. Mvua ikinyesha hupenya kwenye mawe yenye vitundu na kukusanyika ardhini, maji matamu yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Pampu kubwa ikivuta kwa kasi kuliko mvua inavyorudisha, maji ya bahari yanapanda. Wa kwanza kugundua si meneja wa hoteli. Ni yule mama mwenye kisima cha jirani, anayeonja chumvi kwenye chai.

Ng'ambo kidogo tu ya kisiwa hichohicho cha Unguja kuna jibu la ajabu. Kusini mwa Mji Mkongwe, kilomita kama 12 kwa mashua, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Hakina kisima, hakina mto, hakina bomba. Waingereza walijenga mnara wa taa hapo mwaka 1904, na karibu na mnara upo msikiti mdogo wa mlinzi wa taa. Kwa kuwa kisiwa kilikuwa karibu na njia ya meli na eneo la jeshi, wavuvi hawakuruhusiwa kutupa nyavu upande wake wa magharibi, na miamba ikabaki salama bila mtu kuipangia mpango wowote. Mjerumani Sibylle Riedmiller, aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo, ndiye aliyeiona thamani yake. Alianzisha kampuni, na mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaitangaza miamba hiyo kuwa hifadhi. Hivyo hifadhi ya kwanza ya bahari yenye usimamizi nchini Tanzania inaendeshwa na kampuni binafsi, na fedha zake zinatoka kwenye hoteli ya mabanda saba.

Banda la Chumbe linafaa kutazamwa kwa karibu. Paa lake la makuti ni pana kuliko nyumba yenyewe, nalo limeinamishwa ili kila tone la mvua ya masika likusanywe. Maji yanapita kwenye chujio la mchanga na kokoto, kisha yanaingia kwenye tangi lililochimbwa chini ya sakafu. Mgeni analala juu ya maji yake mwenyewe. Yakihitajika kuoga, yanapandishwa juu na kupashwa moto na jua. Yakishatumika hayamwagwi baharini. Yanaelekezwa kwenye kitalu cha mimea inayopenda chumvichumvi za sabuni, ikazinyonya kabla hazijafika kwenye matumbawe. Anayepanga kuoga nusu saa analijua tangi lake lina ukubwa gani, na mvua inayofuata ni ya lini.

Na choo? Hakina maji kabisa. Baada ya haja unatupia kikombe cha majani makavu, na bomba la hewa linavuta harufu kupeleka juu. Kinachobaki kinaoza na kuwa mboji. Watu wengi wakisikia hivyo wanakunja pua, lakini fikiria: choo cha kuvuta kinamaliza lita kadhaa za maji safi kila mara, na kwenye kisiwa cha matumbawe shimo la maji taka linavuja pembeni mpaka baharini. Mwani unalishwa vizuri na matumbawe yanafunikwa. Choo cha Chumbe kinaonekana cha kimaskini, lakini ndicho kilichofikiriwa kuliko vyote.

Usiku hakuna taa njiani. Unapewa tochi. Sababu ni kaa wa minazi, kaa mkubwa kuliko wote duniani wanaoishi nchi kavu, anayeweza kufika kilo nne na ambaye hutoka kutafuta chakula gizani. Panya waliokuwa wakila mayai na makinda waliangamizwa kisiwani mwaka 1997. Paa nunga, yule paa mdogo mwekundu ambaye amebaki katika misitu michache tu ya Unguja na pwani ya Kenya, aliletwa Chumbe ili awe na mahali pasipo na mbwa wala mitego. Askari wa hifadhi walianza wakiwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Hawana bunduki, kazi yao kubwa ni kumweleza mwenzao kwenye ngalawa kwamba samaki wanaozaliana hapa ndio atakaowavua kule ng'ambo kesho. Na wanafunzi wa shule za Zanzibar huletwa kuogelea juu ya miamba kwa fedha zilizolipwa na wageni. Watoto wa kisiwani ambao hawajawahi kuangalia chini ya maji ni wengi kuliko unavyodhani.

Nisije nikaonekana nimelipwa kuisifu Chumbe: si bei ya kila mtu, na vyumba saba haviwezi kuajiri watu wa wilaya nzima. Lakini mambo iliyoyafanya hayakuhitaji mtambo wowote wa kutisha. Makuti, mchanga, kokoto, majani makavu.

Je, wajua kwamba ukiingia Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, unapigiwa muhuri wa kiapo kwenye pasipoti? Tangu Desemba 2017 kila mgeni anasaini ahadi, iliyoelekezwa kwa watoto wa nchi hiyo, kwamba hataharibu wala kuchukua kisicho chake. Na tangu Januari 2020 Palau imepiga marufuku losheni za kujikinga na jua zenye kemikali zinazodhuru matumbawe.

Kwetu ahadi haisainiwi, unanyang'anywa tu mfuko wa plastiki. Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Kenya ndiyo yenye makali: faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Mtalii anayeshuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na mfuko wa nailoni wa dukani anashangaa kweli, hasa akitoka nchi tajiri ambako bado anafungiwa nyanya tatu kwenye plastiki. Tangu Juni 2020, chupa za maji za plastiki haziingii kwenye mbuga za taifa na fukwe za hifadhi za Kenya.

Na zile zilizokwisha kutupwa? Lamu walizijengea jahazi. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliyeyusha plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani, wakaimimina kwenye kalibu na kupata mkuku, mataruma na mbao, kisha wakachonga kwa tezo na randa kama wanavyochonga mti. Ubavuni wakaivisha ndara zilizookotwa, kama 30,000, za rangi zote. Plastiki yote ilizidi tani 10. Wakaiita Flipflopi. Iliingizwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikatweka tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, ikitia nanga vijijini njia nzima. 

Je, wajua Kenya ina medali za hoteli? Ecotourism Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1996, hukagua kambi na hoteli na kuzipa daraja la shaba, fedha au dhahabu. Mkaguzi anauliza taka zinakwenda wapi, umeme unatoka wapi, na watu wa jirani wanapata nini. Swali la umeme lina raha yake Kenya, kwa kuwa karibu uniti tisa katika kila kumi za gridi zinatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kule Maasai Mara, kambi kadhaa zimeng'oa injini za dizeli kwenye magari ya zamani ya safari na kuweka mota na betri zinazochajiwa kwa jua. Hewa ni faida moja. Ya pili dereva ndiye anayeisifia: gari linafika kwa simba kimya, na mgeni anasikia nyasi zikivunjika.

Kuna mahali ambapo uchache wenyewe ndio bidhaa. Rwanda inatoza dola 1,500 kwa mgeni mmoja kuwaona sokwe wa milimani kwa saa moja, wageni wanane tu kwa kila familia ya sokwe kwa siku, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi inarudi kwa wanavijiji wa pembeni. Bei ni ya kuumiza. Ila sokwe hao, ambao katika miaka ya 1980 walikuwa mamia machache tu, sasa wamevuka 1,000 kwa Rwanda, Uganda na Kongo pamoja, na mwaka 2018 waliondolewa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sasa lile ambalo kikadi cha bafuni hakiligusi. Mgeni wa Chumbe aliyeoga kwa maji ya mvua na kwenda chooni kwa majani makavu amekuja kwa ndege, na safari ile ya usiku mmoja imetoa hewa ya ukaa nyingi kuliko wiki nzima ya kukaa kisiwani. Usafiri wa anga hutoa kati ya asilimia 2 na 3 ya hewa ya ukaa ya dunia, lakini joto unaloleta ni zaidi, kwa sababu ile mistari myeupe inayoachwa angani nayo huzuia joto kutoka. Na wanaosababisha ni wachache: mwaka 2018 watu 11 tu katika kila 100 duniani ndio waliopanda ndege, na asilimia moja ya watu wote wanabeba nusu ya uchafuzi wa ndege za abiria. Bahari ikipata joto, kama ilivyotokea mwaka 1998, matumbawe hupauka na kufa hata ndani ya hifadhi. Askari asiye na bunduki hana la kuliambia joto.

Ufaransa mwaka 2023 ilipiga marufuku safari za ndege za ndani pale ambapo treni inafika chini ya saa mbili na nusu. Ni njia tatu tu zilizoguswa, zote za kutoka uwanja wa ndege wa Orly, Paris. Tanzania haikupiga marufuku safari yoyote ya ndege, ila Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na wiki chache baadaye ikafika Dodoma, kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Ile yenye pua iliyochongoka watu wameshaibatiza mchongoko. Mtu wa Dar anayetaka kuona tembo wa Mikumi siku hizi anaweza kuikwepa foleni ya Kimara na Kibaha na kuwa Morogoro kabla chai haijapoa kwenye chupa. Kutoka stesheni mpaka Mikumi ni kama kilomita 100 nyingine, na gari atakalolikodi hapo, kwa sasa, bila shaka ni la dizeli.