Ukifika Makumbusho, Anza na Lebo

Wakazi wengi wa Nairobi waliingia Makumbusho ya Taifa mara moja tu maishani, wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi, wameshikana mikono wawili wawili huku mwalimu akihesabu vichwa. Wanachokumbuka karibu wote ni kilekile: sanamu ya ndovu Ahmed uani, nyoka nyuma ya vioo, na ule ukumbi wa ndege waliokaushwa, 900 hivi, kabati baada ya kabati mpaka macho yakachoka. Basi likawarudisha shuleni, na tangu siku hiyo wanapita Museum Hill asubuhi na jioni ndani ya matatu za Westlands na Kangemi bila kugeuza shingo.

Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu walionyeshwa sebule tu. Nyuma ya kumbi hizo, katika vyumba ambavyo mgeni wa kawaida havipiti, ndiko kuliko na utajiri: ngozi za ndege zipatazo 30,000, wadudu waliochomwa pini safu kwa safu, vyura na samaki ndani ya chupa za spiriti, mifupa, visukuku, na karatasi za mimea iliyokaushwa zinazokaribia milioni moja. Haya ni makavazi ya uhai wa Afrika Mashariki, na ushahidi wake wote unategemea kijikaratasi ambacho watoto wa shule hawakuelekezwa kukisoma.

Vuta droo moja ya ndege wa utafiti. Hawakupachikwa macho ya kioo wala kusimamishwa kwenye tawi. Wamelala chali, mabawa yamebanwa ubavuni, miguu imepishanishwa na kufungwa uzi, na kwenye uzi huo inaning'inia lebo isiyozidi urefu wa kidole. Mtayarishaji alianza kwa kupasua ngozi ya tumbo kwa kisu kidogo, akaivua polepole kuelekea mkiani, akaja mabawani, akafika kwenye fuvu. Damu au mafuta yalipotoka alinyunyiza unga wa mahindi ili manyoya yasigandamane. Nyama, ubongo na macho vikatolewa. Fuvu na mifupa ya mabawa na miguu ikabaki. Kabla ya kutupa matumbo alitafuta kokwa au ovari, kwa kuwa kwa ndege wengi manyoya pekee hayatoshi kukuambia kama ni dume au jike. Mwisho akaviringisha pamba kwenye kijiti, akaijaza mahali pa mwili, akashona. Ngozi nyingi za zamani zilipakwa aseniki ili wadudu wasizile, ndiyo maana anayezishika leo huvaa glavu.

Kisha akaandika: mahali, tarehe, mwinuko kutoka usawa wa bahari, jinsia, uzito, kilichokuwamo tumboni, jina la aliyemkamata. Ngozi iliyopoteza maandishi haya haina faida kwa mtafiti, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Iliyochakaa, yenye manyoya yaliyopauka lakini lebo yake inasomeka, hiyo inalindwa kwa kufuli.

Anayeandika lebo hawezi kujua itajibu swali gani. Nchini Uingereza watu walikusanya mayai ya kozi kwa vizazi kadhaa, wakiandika kwa makini siku na mahali walipoyaokota. Katika miaka ya 1960 kozi walipopungua ghafla, mtafiti Derek Ratcliffe alipima uzito wa maganda hayo na kuyapanga kwa miaka. Katika utafiti aliouchapisha 1967 alionyesha kwamba maganda yalikuwa yamekuwa mepesi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati dawa ya DDT ilipoanza kumwagwa mashambani. Mayai yalikuwa yakivunjika chini ya mama zao. Waliookota mayai ya zamani hawakuwahi hata kuisikia DDT, lakini bila tarehe zao hakuna ambaye angeweza kuthibitisha lolote.

Tunao mfano wa kwetu, ingawa mali yenyewe iko ugenini. Simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898 walipigwa risasi na mhandisi wa reli hiyo, J. H. Patterson, mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Ngozi zao zikawa mazulia nyumbani kwake, mpaka katika miaka ya 1920 alipoziuza pamoja na mafuvu kwa makumbusho ya Field mjini Chicago, kwa dola 5,000. Meno ya simba hao yalikuwa yamevunjika, na ndani ya matundu yake kulikuwa kumeshindiliwa vipande vya nywele za walichokula. Mwaka 2024 timu ya watafiti, wakiwemo Ogeto Mwebi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Nduhiu Gitahi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya nywele hizo. Ndani yake walimkuta twiga, punda milia, choroa, kuro, nyumbu na binadamu. Nyumbu ndiye aliyewashangaza, maana haikudhaniwa kwamba alikuwa akipatikana karibu na kambi ile ya reli enzi hizo. Ama simba walitembea mbali kuliko ilivyoaminiwa, ama nyumbu walikuwa wakifika Tsavo. Jibu hilo lilikaa ndani ya meno zaidi ya miaka 120, likingoja vifaa vya kulisoma. Ni kweli pia kwamba Mkenya anayetaka kuwaona simba hao hulazimika kuomba viza. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mahali pao ni Kenya.

Kwenye visukuku, kazi ya lebo hufanywa na namba. Mtoto wa Turkana, mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, anaitwa KNM-WT 15000. Herufi tatu za mwanzo ni za Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mbili zinazofuata ni Turkana Magharibi, na 15000 ni nafasi yake kwenye daftari. Fuvu maarufu la KNM-ER 1470, lililoonwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972, lilitoka upande wa pili wa ziwa, na ER inakumbusha kwamba wakati huo ziwa lenyewe liliitwa Rudolf. Mtafiti wa Tokyo au Johannesburg akiandika namba hiyo, kila mwenzake anajua mfupa upi unazungumziwa na uko kabati gani jijini Nairobi.

Mtoto wa Turkana alionwa na Kamoya Kimeu mwezi wa Agosti 1984 kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake wamepumzika, yeye akaenda kuzungukazunguka juu ya kokoto nyeusi za lava, akaona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi karibu sawa na kokoto zenyewe. Kutokana na kipande hicho walichimba mpaka wakapata karibu kiunzi kizima, isipokuwa sehemu kubwa ya mikono na nyayo. Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, alianza kazi hii mwaka 1960 akiwa kibarua wa kuchimba. Leo nyani wawili wa kale wana jina lake, mmoja kwenye jina la jenasi, Kamoyapithecus, na mwingine kwenye jina la spishi, Cercopithecoides kimeui.

Yeye alipata haki yake. Wengi hawakuipata, na hili si jambo dogo. Makumbusho haya yalianzishwa na walowezi na maofisa waliounda chama chao cha elimu ya viumbe mwaka 1909. Mwaka uliofuata waliweka mikusanyo yao pale iliposimama Nyayo House hivi sasa; mwaka 1922 wakahamia mahali palipo na hoteli ya Serena; na tarehe 22 Septemba 1930 jengo la Museum Hill likafunguliwa kwa jina la gavana Coryndon. Soma lebo za miaka hiyo utaona majina ya Kizungu mfululizo. Aliyemjua ndege kwa sauti, aliyetega mtego, aliyepanda mti kuchuma ua, aliyekaa usiku kucha akichuna ngozi kabla haijaoza, mara nyingi alikuwa Mwafrika, na karatasi haimtaji. Madaftari ya safari na barua za wakusanyaji wakati mwingine huwataja watu hao kwa jina moja, au kwa kazi tu, mpishi au mpagazi. Ningependa kuona kijana mwenye subira akiyapekua madaftari hayo na kuyarudisha majina hayo kwenye rekodi za vielelezo, lebo moja baada ya nyingine. Ni kazi ya miaka, lakini inawezekana.

Kwa mimea, hifadhi kubwa ni hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo ndani ya uwanja huohuo. Mizizi yake iko Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi mwaka 1902. Mkusanyo ukahamishiwa Nairobi kwenye mwaka 1950. Kila kielelezo ni tawi lililobanwa likakauka, likashonwa au kubandikwa juu ya karatasi ngumu, na lebo yake kwenye kona ya chini. Karatasi hizi ni sehemu ya msingi wa mfululizo wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, wenye spishi zaidi ya 12,000. Baadhi ya karatasi zina hadhi ya pekee: mmea uliobandikwa pale ndio uliotumiwa kutoa jina la spishi. Ubishi ukizuka juu ya jina hilo, watu hurudi kwenye karatasi hiyo kama mahakama ya mwisho.

Hapa ndipo mtu wa kawaida anapoguswa moja kwa moja. Magome na mizizi inayouzwa sokoni kama dawa hufanana sana ikishakauka. Mtafiti anayedai kwamba mmea fulani unashusha sukari mwilini anapaswa kuacha tawi lake hebaria na kuandika namba yake kwenye ripoti, ili atakayerudia jaribio ahakikishe ni mmea uleule. Dai lisilo na namba hiyo mimi huliweka kando, hata likitangazwa kwa kishindo namna gani.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo iliyo ng'ambo tu ya barabara, wakija kujifunza kazi hugundua upesi kwamba siku ya makumbusho ina mambo madogo mengi. Chupa za vyura hukaguliwa mara kwa mara kwa sababu spiriti hupungua hata kifuniko kikikazwa. Lebo ya ndani ya chupa huandikwa kwa penseli au wino maalumu, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ukaacha karatasi nyeupe. Mimea mipya hugandishwa kwanza ili mayai ya wadudu yafe kabla haijaingia kabatini. Kuna mbawakawa wadogo ambao mtunzaji wa mifupa huwafuga makusudi waile nyama mpaka mfupa ung'ae. Wadudu haohao wakiingia chumba cha ngozi ni msiba. Asiyependa kazi ya kurudiarudia hatadumu.

Kwa anayetaka kuzuru tu, ushauri wangu ni kuacha tamaa ya kumaliza jengo zima. Chagua kabati moja la ukumbi wa ndege. Tafuta ndege mmoja unayemwona mtaani kwenu, Lavington au Kawangware, kisha mtafute ndugu yake wa karibu anayeishi kwingine na uwalinganishe midomo na miguu. Kwenye chumba cha mafuvu, muulize mwelekezaji lipi ni mfupa halisi na lipi ni nakala; swali hilo moja hufungua mazungumzo. Ukiwa na watoto, wape penseli wachore.

Watu wa Nature Kenya, jina la sasa la kile chama cha 1909, hukutana makumbusho kila Jumatano asubuhi na kwenda kutazama ndege sehemu mbalimbali za jiji. Matembezi hayo yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na huhitaji kumjua ndege hata mmoja ili uanze. Upande wa magharibi wa jiji kuna mahali pengine pa kujizoeza jicho: bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa 1907 ili kuijaribu miti ya kigeni, na msitu wa Oloolua kule Karen, ambamo imo taasisi ya utafiti wa nyani iliyowahi kuwa chini ya makumbusho.

Na ukiona mmea usioujua shambani kwenu, unaweza kuupeleka hebaria. Jani peke yake halitoshi. Chuma tawi lenye ua au tunda, lipange ndani ya gazeti kuukuu majani yakiwa yamenyooshwa, jani moja au mawili yaonyeshe upande wa chini. Weka mzigo mzito juu yake, na badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Andika papo hapo rangi ya ua, kwa maana itafifia, na pia urefu wa mti, aina ya udongo, mahali na tarehe. Kama kuna mzee aliyekutajia jina la mti huo kwa Kikuyu, Kikamba au Kimaasai na kukueleza unatibu nini, andika jina hilo kama alivyolitamka, na mbele yake uandike jina la mzee mwenyewe.