Kidole ni cha Nani?

Oktoba 2008, polisi wa Juba waliingia mitaani wakawakamata wasichana waliovaa suruali za kubana. Ati wanaharibu maadili. Mary Kiden, Waziri wa Jinsia wa serikali ya Sudan Kusini wakati ule, alilaani kitendo hicho waziwazi. Lakini fikra yenyewe haikufa. Naisikia bado kanisani: binti, jisitiri, usimkwaze kaka yako.

Na huyo kaka, tumwambie nini?

Kwenye kambi za ng'ombe za Wadinka, vijana walivaa shanga zilizobana kiwiliwili, rangi zake zikitaja rika la mvaaji. Mwili haukufichwa sana. Hata hivyo, aliyempa binti mimba hakujitetea kwa kusingizia shanga. Ng'ombe wa fidia walitoka zizini kwao, na ukoo mzima ukaona haya. Naiheshimu mila hiyo, ila siwezi kunyamazia kasoro yake: deni hulipwa kwa baba au mume, mwanamke mwenyewe haulizwi. Hata Sheria ya Adhabu ya 2008 inaacha ugoni uamuliwe kwa mila ya aliyekosewa, au kwa kifungo kisichozidi miaka 2. Ng'ombe wakishafika, shauri limekwisha. Moyo wa mtu unabaki kama ulivyokuwa.

Injili inaanzia hapo hapo kwenye moyo. Yesu alipoonya juu ya kutazama kwa tamaa, alisema na mwenye jicho. Yusufu naye, nyumbani kwa Potifa, hakungoja mke wa bwana wake, aliyemtongoza, abadilike. Aliacha vazi mkononi mwa mama huyo akatimua mbio.

Tarehe 4 Februari 2023, kwenye kaburi la kiongozi wa ukombozi John Garang, Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati ule, aliyekuja na Papa Fransisko, aliwataka wanaume wawaheshimu wanawake, wasiwafanye chombo cha kukidhi tamaa. Hapa Juba neno hilo ni zito. Julai 2016, wanawake waliotoka kambi ya Umoja wa Mataifa kutafuta chakula walibakwa na askari. Kuna mtu atakayethubutu kuuliza walikuwa wamevaa nini?

Majuzi nilihudhuria mafundisho ya ndoa. Mchumba wa kike alikuwa amejifunga lawa ya rangi ya chungwa, fundo limekaa begani. Mzee wa kanisa akamgeukia kijana.

"Mwanangu, usiku wa manane simu yako inakupeleka wapi?"

"Baba, wasichana wa siku hizi wanavyojianika huko mitandaoni..."

"Sijakuuliza habari za wasichana. Kidole kinachobonyeza ni cha nani?"

Kijana akainamia viatu vyake. Nje bodaboda zilipita, moja, mbili, na mzee hakuongeza neno. Binti alikuwa ameacha kuchezea fundo la lawa, anamtazama mchumba wake.

"Ni changu, baba," kijana akasema mwishowe.

Mzee akavuta kiti karibu naye. "Haya. Sasa tuzungumze."