Mvukuto na Msuli wa Hewa: Kanuni Moja na Msamiati Wake

Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani nchi ya Buha, kuanzia Heru upande wa Kasulu hata Muhambwe upande wa Kibondo, wahunzi wa zamani walifua chuma kwa msaada wa chombo kiitwacho kwa Kiswahili mvukuto. Sura ya chombo hiki yajulikana katika nchi nyingi za Maziwa Makuu. Kina mabakuli mawili ya mti au ya udongo, na kila moja limewambwa ngozi ya mbuzi iliyolegea, yenye fimbo iliyofungwa katikati. Mvukutaji hushika fimbo mbili, moja kwa kila mkono, akainua hii na kushusha ile. Ngozi ishukapo husukuma hewa kwenye mrija wa udongo uelekeao motoni. Ipandapo huvuta hewa nyingine. Aghalabu mdomo wa mvukuto huachwa mbali kidogo na mrija huo, ili hewa safi ipate kuingia na moto usivutwe kurudi nyuma. Kwa zamu ya mikono miwili moto hupata upepo usiokatika.

Kirundi na Kinyarwanda, ambazo ni ndugu wa karibu wa Kiha katika kundi moja la lugha za Kibantu, huita chombo hicho umuvuba. Majembe ya kiwandani yaliwaondolea wahunzi wengi kazi zao, na wanafunzi wa siku hizi huenda wakauona mvukuto kuwa ni kitu cha makumbusho tu. Walakini kanuni yake haikufa. Ndiyo kanuni ile ile inayotumika leo, kwa kugeuzwa, katika mitambo iitwayo misuli bandia. Nia ya makala haya ni kueleza mitambo hiyo, na kuonyesha jinsi uteuzi wa maneno ya kuielezea ulivyo jambo la kupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Katika mvukuto, msuli wa mkono husukuma ngozi, na ngozi husukuma hewa. Katika msuli wa hewa, hewa husukuma ngozi, na ngozi huvuta mzigo. Tofauti ni mwelekeo tu. Kazi inayofanywa na hewa ni kanieneo yake mara ongezeko la ujazo wa mfuko. Kazi inayopokewa na mzigo ni kani mara urefu ambao mzigo umevutwa. Kama hakuna kinachopotea kwa msuguano wala kwa kuvuta mpira, kazi hizi mbili ni sawa. Kwa hiyo mfuko wowote ambao ujazo wake huongezeka kila unapofupika unaweza kugeuzwa kuwa msuli. Swali la fundi ni moja tu: ni vipi mfuko utafanywa ufupike badala ya kurefuka?

Jibu limo katika ususi. Mpira mtupu wa baiskeli, ukijazwa upepo nje ya tairi, huvimba ovyo. Lakini ukitiwa ndani ya ala iliyosukwa kwa nyuzi za mshazari zisizotanuka, nyuzi hizo huutawala. Mfano mwepesi ni mfuko wa wavu wa kuuzia vitunguu: ukivutwa ncha mbili huwa mrefu na mwembamba; ukijazwa hupanuka ubavuni na kufupika. Nyuzi hazikurefuka wala hazikupungua. Zimebadili pembe tu. Hali kadhalika ala ya msuli wa hewa: hewa huipanua, nyuzi zake hulala upande, na ncha zake mbili huvutana.

Pembe hiyo ndiyo ufunguo wa mambo yote. Ikipimwa kati ya uzi na mhimili wa mfuko, msuli uliolegea huwa na pembe ndogo, mathalan nyuzi 25. Kadiri unavyojaa, pembe hukua. Ifikapo takriban nyuzi 54.7 mfuko huwa umefikia ujazo mkubwa kabisa ambao ala hiyo yaweza kuuruhusu. Hewa haipati tena nafasi mpya kwa kufupisha mfuko, basi mvuto hukoma. Kwa hesabu tupu, msuli ulioanza kwenye nyuzi 25 waweza kufupika kwa asilimia 36 hivi ya urefu wake. Katika vyombo halisi msuguano wa nyuzi na ukaidi wa mpira hupunguza kiasi hicho, na aghalabu hupatikana robo au zaidi kidogo.

Nguvu yake ni ya kustaajabisha. Chukua bomba lenye kipenyo cha sentimeta 2, na kanieneo ya kilopaskali 300 juu ya ile ya angani, ambayo pampu ya mkono ya baiskeli yaweza kuitoa. Pistoni ya kipenyo hicho ingesukuma kwa nyutoni 94, yaani uzito wa kilo tisa na nusu hivi. Msuli wa hewa wa kipenyo hicho hicho, ukianza kwenye nyuzi 25, huvuta kwa hesabu mara nane zaidi, takriban nyutoni 770, kabla ya kutoa hasara za msuguano. Kisha mvuto hupungua polepole kadiri msuli unavyofupika, hata ukafikia sifuri. Hapo umefanana na msuli wa mwili, ambao nao hauna nguvu moja katika urefu wote.

Umefanana nao pia katika jambo jingine: huvuta, hausukumi. Kwa sababu hiyo kiungo huhitaji misuli miwili inayopingana, mmoja wa kukunja na mmoja wa kukunjua, kama ilivyo misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono. Ikijazwa yote miwili kwa pamoja kiungo hukakamaa. Ikilegezwa yote miwili hulegea. Injini ya kawaida ya umeme haitoi ulegevu huo kwa urahisi, na ndiyo maana misuli hii hufaa kukaa karibu na mwili wa mtu bila kumuumiza.

Asili ya chombo hiki katika utabibu ni ya huzuni. Katika miaka ya 1950 Joseph McKibben, mwanafizikia Mmarekani wa Los Alamos aliyeshiriki katika jaribio la kwanza la bomu la atomiki mwaka 1945, alikuwa na binti aliyepooza kwa polio. Kwa ajili ya mkono wa mtoto huyo alitengeneza msuli wa mpira na ala ya nyuzi, uliojazwa gesi ya kaboni kutoka kichupa kidogo, nao ukafunga vidole vilivyokuwa havina nguvu. Chanjo ya polio ilipoanza kutumika mwaka 1955 na ugonjwa ukapungua, na injini ndogo za umeme zikaendelea kuwa bora, msuli huo ulisahauliwa kwa kiasi. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Bridgestone ya Japani iliufufua kwa ajili ya mikono ya roboti. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha roboti ya mpira mtupu yenye miguu minne, isiyo na mfupa hata mmoja, inayotambaa kwa vyumba vya hewa vilivyomo mwilini mwake. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard na wa MIT walieleza misuli ya aina nyingine, yenye kiunzi kilichokunjwa kama karatasi ndani ya mfuko. Hiyo haijazwi, bali hunyonywa hewa, nayo hewa ya nje huukandamiza mfuko.

Aina hii ya mwisho ina somo kwa watu wa nyanda za juu. Nguvu yake haiwezi kuzidi kanieneo ya hewa ya mahali. Pwani, kama Dar es Salaam, kanieneo hiyo ni kilopaskali 101 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 1,300, kama ule wa Kasulu, ni karibu 87. Msuli wa kunyonywa utapungukiwa sehemu moja katika saba ya nguvu yake kwa kupandishwa kutoka pwani. Msuli wa kujazwa hauna hasara hiyo, maana wategemea pampu.

Sasa yafaa kuyatazama maneno. Kwa ile nguvu ya hewa juu ya eneo, Kiswahili kina maneno yasiyopungua manne. Fizikia hutumia kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, nalo hujieleza lenyewe. Wauguzi husema shinikizo la damu. Watabiri wa hali ya hewa hutangaza mgandamizo mdogo wa hewa. Watu wote husema presha, na mara nyingi humaanisha ugonjwa. Fundi wa baiskeli hatumii hata moja katika hayo: yeye hujaza upepo, na tairi kwake limepungua upepo. Hapana ubaya kila fani kuwa na neno lake. Ubaya ni kuandika kitabu kimoja chenye yote manne bila kueleza kwamba kitu ni kimoja.

Neno laini nalo lina mtego. Kwa kitambaa laini husifu mguso. Kwa mtambo lingeweza kufahamika kuwa dhaifu. Nyumbufu ni bora, kwa kuwa husifu uwezo wa kupinda na kurudi. Wanaisimu hawatalishangaa, kwani kitenzi kunyumbua wamekizoea katika sarufi: shina ni moja, hali hubadilika, shina halikatiki. Bandia vilevile hufaa katika mguu wa bandia, lakini hubeba harufu ya noti bandia. Msuli wa hewa si wa uongo, wavuta kweli. Kwa hiyo pale aina inapojulikana, ni afadhali kusema msuli wa hewa, msuli wa maji au msuli wa mafuta, na kwa ujumla wake msuli wa ugiligili, neno linalokusanya gesi na viowevu. Msuli lenyewe pwani ni pia nguo ya kiume ya kujifunga kiunoni, lakini muktadha huondoa shaka hiyo.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi. Vitabu vya biolojia husema kwamba msuli ufanyapo kazi husinyaa. Lakini katika usemi wa kila siku, wa Kibondo na wa kwingineko, kilichosinyaa ni kilichokauka: jani lililokosa maji, au mguu wa mtu aliyepooza, uliokonda na kupoteza nguvu. Basi mgonjwa aliyeharibikiwa mkono kwa kiharusi, akiambiwa kwamba chombo atakachofungwa kitasinyaa, ataelewa kwamba kitaharibika kama mkono wake. Neno moja limebeba ugonjwa na tiba kwa pamoja. Yafaa basi kusinyaa kuachiwe ugonjwa, na kazi ya msuli ipewe kitenzi cha kutenda: msuli hujivuta. Aliyepoteza nguvu za mkono ataelewa mara moja, na fundi ataelewa bila kamusi.

Hili si suala la ufasaha tu. Mpira, nyuzi, vibano na pampu ni vitu ambavyo fundi wa baiskeli huvishika kila siku, naye anayo majina yake: kuziba pancha, kubana, kujaza upepo. Chombo kinachohitaji vitu hivyo, hata kama kimebuniwa mbali, chaweza kutengenezwa upya kijijini iwapo maelezo yake yameandikwa kwa maneno yanayoshikika. Maelezo yakiwa mazito, mpira ukipasuka chombo kitatupwa, na mkono utarudi kulala.

Mhunzi wa Buha hakuhitaji neno kanieneo ili kuujua upepo wa mvukuto wake. Aliujua kwa uzito wa fimbo mkononi. Mwanafunzi wa leo anahitaji vyote viwili, neno na uzito. Mwalimu wa fizikia akianza na ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya bakuli, kisha akaigeuza kazi yake, atakuwa amefundisha msuli wa hewa kabla ya kuutaja.