Namba ya Siri ni Amana

Fedha zilizomo katika akaunti ya familia huenda ndizo ada ya mtoto, kodi ya nyumba, au akiba ya safari ya Hija iliyodundulizwa kwa miaka mingi. Tapeli hana haja ya kuvunja mlango ili azichukue. Kinachomtosha ni mwenye mali kuitamka namba yake ya siri.

Hupiga simu kwa sauti ya upole, akijitambulisha kuwa mtumishi wa benki. Hudai kwamba kadi imefungwa, kisha huomba namba ya siri, tarakimu 3 za nyuma ya kadi, au namba iliyotumwa kwa ujumbe wa simu. Benki haimuulizi mteja namba ya siri. Anayeiuliza, hata akikutajia jina lako kamili, mkatie simu, kisha uipigie benki kwa namba iliyochapishwa kwenye kadi.

Penye mashine ya ATM, ziba vitufe kwa kiganja unapobonyeza. Tundu la kadi likilegea au likibandikwa kitu, ondoka. Kadi ikikwama, usimsikilize mpita njia anayekuhimiza uingize namba tena. Iarifu benki papo hapo ili kadi izuiwe.

Baadhi ya wazee wetu huwatuma vijana wakiwa na kadi pamoja na karatasi yenye namba. Ni bora mzee asindikizwe, abonyeze mwenyewe, na aliyemsindikiza ageuze uso. Huo ndio utunzaji wa amana.