Kwa nini redio za magari ya Japani hazinasi stesheni nyingi za Afrika Mashariki

Magari yaliyotumika yanayotoka Japani na kushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa mara nyingi huja na redio nzima. Hata hivyo, wanunuzi wengi hugundua wakiwa tayari barabarani kwamba redio hiyo haipati stesheni wanazozitegemea kwa habari. Wapo wanaouziwa antena mpya, na wapo wanaobadilishiwa spika, ilhali hakuna kilichoharibika.

Chanzo ni masafa. Nchini Japani, matangazo ya FM yalitengewa megahazi 76 hadi 90, kwa kuwa eneo la juu yake lilikuwa la televisheni ya analojia, iliyozimwa mwaka 2011 na 2012. Baadaye FM ya huko ilisogezwa hadi 95. Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia 87.5 hadi 108. Kwa redio ya zamani ya Kijapani, stesheni inayorusha kwenye 98 ni kama haipo.

Mafundi hutibu tatizo hilo kwa kifaa kidogo kinachoitwa ekspanda, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kifaa hicho hushusha masafa kwa kiwango maalumu. Kikishusha kwa megahazi 18, stesheni ya 98 itasikika redio inapoandika 80. Lakini kifaa hakitengenezi nafasi mpya: redio yenye upana wa megahazi 14 itapata 94 hadi 108 tu, na stesheni ya 92 itabaki nje. Mnunuzi anapaswa kwanza kujua stesheni anayoitaka iko wapi, kisha achague ekspanda, jambo ambalo wauzaji wachache hulieleza. Mwenye stesheni zilizotawanyika ni afadhali abadilishe redio yenyewe.

Kubadilisha nako kuna mitego yake. Baadhi ya magari yana antena iliyochorwa kwenye kioo, ikiwa na kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Waya wa kukipa umeme, ambao kwa kawaida ni wa buluu, ukiachwa bila kuunganishwa, redio mpya itakoroma mjini na kunyamaza kabisa nje ya mji. Aidha, redio ya gari huwa na nyaya mbili za umeme: moja haikatiki kamwe ili kutunza kumbukumbu, na nyingine hufuata ufunguo. Redio inayosahau stesheni kila gari linapozimwa huwa haipati umeme kupitia ile ya kwanza, au nyaya zimefungwa kinyume.

Redio za Toyota zenye ramani zina usumbufu wa aina yake. Betri ikichomolewa, baadhi yake hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani, tena kwa Kijapani. Kadi hiyo isitupwe, ingawa ramani ya Japani haina kazi Kigoma wala Kampala.

Spika moja ikinyamaza, njia rahisi ni kubadilishana nyaya zake na za spika nzima nyuma ya redio. Kimya kikihamia upande wa pili, kasoro iko kwenye redio. Kikibaki palepale, ni spika au waya, na waya hukatika zaidi kwenye mpira wa bawaba ya mlango, unapokunjwa kila siku. Mlio unaopanda kadiri injini inavyoongeza kasi huashiria umeme wa alteneta unaopenya kupitia waya uliolegea kwenye bodi ya gari.

Redio ikiwa haiwaki kabisa, fyuzi ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Iliyoungua ibadilishwe kwa yenye ampea zilezile. Kuziba pengo kwa kipande cha waya kunaweza kuliteketeza gari zima.